Siku Bibi Alipoita Kweli

Nyumbani kwa Bibi,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Kile kifua kimekuachia, au baridi bado inakichokoza? Baba Mdogo hajambo? Na wadogo zangu wanaendeleaje na shule? Mimi sijambo, ila mimi na usingizi tumekosana kidogo.

Najua salamu hizi unazisoma kwa kuruka, macho yanatafuta mstari mmoja tu. Huu hapa: mama yako yu hai. Amelala chumba cha pili sasa hivi, nasikia kitanda kikilalamika kila anapojigeuza. Hatukufichi msiba. Ule ujumbe wako kwa Mjomba, “Kama mama amekufa niambieni, msinichezee,” alinionyesha tukiwa kwenye korido ya hospitali, nikaona ukuta unanisogelea. Sasa kaa chini, tafadhali, nikueleze yote.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu namba yangu umeifungia, na sikulaumu. Mwalimu wetu wa chuo anakuja huko kwenye mkutano, ameahidi kuitia barua hii posta akifika. Mjomba alikueleza kwa namna yake: kwamba nilimgeuza mama yenu mwanasesere, nikamfundisha kupiga kelele, na kelele zikataka kumuua. Kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana ilikuchoma. Lakini ni nusu ya habari, tena nusu iliyosemwa na mtu mwenye hofu.

Unakumbuka ninasomea kutengeneza sauti za filamu na michezo ya video. Wewe ndiye uliyenitetea siku Mjomba alipouliza kama kuna chuo kinachofundisha watu wazima kupiga kelele. Watu hudhani sauti inakuja yenyewe pamoja na picha. Haiji. Mtu akivunjika mfupa kwenye filamu, ni mimi niliyekaa jikoni navunja karoti iliyozungushiwa kitambaa kibichi. Akitembea kwenye kokoto, ni mimi nakanyaga beseni. Ndege wakiruka, ni glavu za ngozi nazipigapiga hewani. Nyumba ya Bibi ilijaa takataka zangu mpaka akaniambia siku akitaka kufa itabidi kwanza aniombe nafasi.

Kazi yetu ya kumalizia chuo ilikuwa mchezo wa video. Tuliufanya wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Waya, kwa sababu hajawahi kuonekana akitembea bila waya kuning’inia mahali. Yeye ni wa picha na kompyuta, mimi wa sauti. Mchezo wenyewe ni nyumba kubwa iliyoingiwa na mafuriko, giza tupu, na ndani yake kuna mwanamke mzee amenaswa. Mchezaji haoni kitu. Anafuata sauti ya yule mzee chumba hadi chumba. Akichelewa, sauti inakatika. Sehemu hiyo niliitengeneza mimi mwenyewe kwa majuma mengi: hakuna muziki, hakuna maji, ni kimya cha namna yake, kimya kama cha chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi. Wanafunzi wenzetu waliojaribu walikuwa wakivua hedifoni kwa woga. Nilikuwa najivunia kimya kile kuliko sauti zote nilizowahi kurekodi.

Tulihangaika kumpata mzee. Wasichana wa chuo waliokuja kuigiza walikuwa wakitetemesha sauti kama mbuzi mwenye mafua. Bibi alikuwa akiwasikiliza kutoka jikoni. Siku moja alishindwa kuvumilia, akaja sebuleni na mwiko mkononi, akasema, “Hebu tokeni hapo.” Akasimama mbele ya maikrofoni kama mtu aliyezaliwa nayo. Unamjua mama yako. Miaka yote ile ya kuunganisha simu za watu, mabosi walikuwa wanaijua sauti yake kabla ya kumjua yeye. Akavuta pumzi, akaita, “Jamani, nisaidieni! Nipo huku!” Waya alidondosha kikombe. Mimi nywele zilinisimama, na nilikuwa namwona kwa macho yangu, amevaa kanga yake na ndala, mzima kabisa.

Siku hiyo majirani walipanda mbio. Kinyozi wa chini, yule mwembamba anayetaniwa na Bibi, ndiye aliyetangulia, na mashine ya kunyolea mkononi. Wakamkuta Bibi anakunywa chai kulainisha koo. Tukacheka wote. Mara ya pili walipanda wachache. Ya tatu alipanda kinyozi peke yake, tena taratibu. Baada ya hapo hakuna aliyejisumbua. Mteja akishtuka kwenye kiti, kinyozi humwambia, “Tulia, nitakukata sikio. Ni Bibi yuko kazini.” Neno hilo Bibi alilipenda mno. Tangu astaafu hakuna mtu aliyewahi kusema yuko kazini.

Hapo ndipo shida ilipojificha, Mama Mdogo, na sisi tukiicheka. Kwa miezi ile tuliizoesha nyumba nzima kusikia mtu akiomba msaada na kuendelea na shughuli zake.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya kamati. Kila kundi huingia chumba cha kusikilizia, linaonyesha kazi yake, linaulizwa maswali, na hapo ndipo unapita au unarudi mwaka mwingine. Asubuhi Bibi alinifungia kifungo cha kola kama mtoto wa chekechea, akanitania kwamba nikiulizwa nani aliyeigiza vizuri vile nisimsahau. Nikatoka na vyombo vyangu vyote, maikrofoni ikiwa ndani ya begi. Nikafunga mlango wa nje kwa ufunguo, kwa sababu Bibi mwenyewe ndiye anayetaka hivyo.

Tulikaa kwenye benchi tukisubiri zamu, simu zimezimwa kwa amri. Lilipobaki kundi moja mbele yetu nikaomba kwenda msalani. Huko nikaiwasha simu, nikitegemea ujumbe wa Bibi wa kunitakia heri. Wake haukuwepo. Kulikuwa na ujumbe wa sauti wa kinyozi, wa zamani kidogo, wa tangu asubuhi. Nikaufungua huku nanawa mikono. Alikuwa anacheka. Akasema, “Sikia mwenyewe, leo Bibi yako kaanza kazi bila wewe. Na leo yuko vizuri kuliko siku zote.”

Nilisimama na maji yanatiririka. Maikrofoni nilikuwa nayo mgongoni. Bibi alikuwa anamrekodia nani?

Nikaurudia, safari hii kwa hedifoni. Nyuma ya kicheko cha kinyozi na mlio wa mashine yake, mbali, kupitia ngazi na milango, ilikuwepo sauti ya Bibi. Nimeisikiliza sauti ile mamia ya mara, najua inapopanda na inaposhuka. Hii ilikuwa haipandi mahali pake. Na maneno hayakuwa ya mchezo. Hakusema jamani, hakusema nisaidieni. Alikuwa anaita jina. Nikaongeza sauti mpaka masikio yakauma, nikalisikia.

“Kitinda! Kitinda wangu!”

Nilirudi mbio kwenye benchi. Waya akaniambia tunaitwa. Nikamwambia Bibi ameumia, lazima niende. Akasema nisijitie wasiwasi, bibi yangu ni mwigizaji, pengine anafanya mazoezi kwa furaha. Sikubishana naye, nikamvalisha hedifoni. Akasikiliza, uso wake ukabadilika.

“Kitinda ni nani?” akaniuliza.

“Ni mama yangu mdogo. Kitindamimba wake. Yuko ng’ambo.”

“Kwenye mchezo wetu hakuna Kitinda,” akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe. Halafu akanisukuma begani. “Nenda.”

Mwalimu wetu alikuwa ameshafungua mlango, kamati nzima imekaa nyuma yake inatutazama. Nilijaribu kueleza, maneno yakatoka ovyo. Yeye ni mama mwenye huruma, lakini siku ile alikuwa mbele ya wakubwa zake. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nikitoka sasa hawezi kunihakikishia kitu, kamati haisubiri mtu. Nikamwambia nimesikia. Nikatoka.

Nilimpigia kinyozi njia nzima. Simu yake ikiwa imewekwa kwenye rafu ya mafuta na yeye amewasha redio, hata ungepiga tarumbeta hasikii. Iliita mpaka ikakata, ikaita tena mpaka ikakata. Nilimpigia Bibi, ikawa vilevile. Jirani mwingine yeyote sikuwa na namba yake. Miaka yote naishi nao ukuta kwa ukuta, sina namba ya mtu! Dereva wa pikipiki alinipenyeza kwenye magari kadiri alivyoweza, nami nyuma yake nausikiliza ule ujumbe tena na tena, kana kwamba nikiurudia sana nitagundua nimekosea. Sikukosea. Kila nilipourudia nilikusikia ukiitwa.

Nilipofika, kinyozi alikuwa mlangoni pake anakung’uta taulo. Aliponiona akatabasamu. “Leo kamaliza mapema,” akasema. “Kanyamaza zamani.”

Mama Mdogo, sijui nikuandikieje nilichohisi. Mimi ndiye niliyeitengeneza sauti inayokatika mtu akichelewa. Nilijua maana yake kuliko mtu yeyote mtaani pale. Nikamvuta kinyozi kwa shati tukapanda. Sikumweleza kitu, lakini nadhani alielewa kwenye ghorofa ya kwanza, kwa sababu alinipita na kuanza kuruka ngazi mbili mbili.

Mlangoni nilitoa ufunguo, akaninyang’anya akafungua yeye. Sebuleni hakuna mtu. Jikoni hakuna mtu, kikombe cha chai kimepoa, kimetanda utando juu. Mlango wa bafu umefungwa kwa komeo la ndani. Unamjua, hata akiwa peke yake nyumbani anapiga komeo, anasema heshima haingoji wageni. Nikaita, “Bibi!” Kimya. Ndicho kimya kilekile. Nikaita tena, kimya.

Kinyozi akarudi nyuma ili aupige mlango bega. Nikamwambia angoje. Akanitazama kama nimepagawa. Nilipiga magoti, nikaweka sikio kwenye ubao, chini kabisa, nikazuia pumzi. Kwanza nilisikia bomba likidondosha matone. Kisha mapigo yangu mwenyewe. Halafu, karibu mno na sikio langu, kitu chepesi: tk, tk. Kikapumzika. Tk. Ni kucha juu ya plastiki. Ni mtu anagonga ndoo kwa ukucha, na mtu huyo yuko chini, nyuma ya mlango palepale nilipoweka sikio.

“Usipige,” nikamwambia. “Kichwa chake kipo hapa.”

Angelipiga bega lile, Mama Mdogo, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Mlango ule ni wa ubao mwembamba, tuliutoboa sehemu ya juu kwa nyundo ya jikoni na kisu, tukivibandua vipande kuelekea kwetu ili visimwangukie. Kinyozi akajipenyeza kichwa mbele, na wembamba wake ambao Bibi amemtania miaka yote ndio uliompitisha. Nikamsikia anatua kwa uangalifu, anamsogeza, anavuta komeo. Bibi alikuwa amelala ubavu juu ya sakafu yenye maji, mguu umegeuka upande usio wake. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama, midomo ikacheza, hapakutoka kitu. Hakuna hata mnong’ono. Sauti ilikuwa imekwisha, ameitumia yote. Akainua mkono akanishika sikio, akalishikilia hivyo mpaka wenye machela walipokuja.

Alikuwa ameteleza muda mfupi tu baada ya mimi kuondoka. Kipande chote cha asubuhi alikuwa pale chini akiita, na watu wanapanda na kushuka ngazi wanamsikia. Mama wa ghorofa ya pili amekiri kwangu kwamba alimwambia mwanawe, “Sikiliza kipaji hicho.” Amelia mbele yangu mara nyingi kuliko nilivyolia mimi.

Nyonga ilivunjika. Wamemfanyia upasuaji, wakaweka chuma, na daktari wa mifupa ameridhika. Ameanza kusimama kwa fremu ya kutembelea na anaichukia. Lakini daktari wa koo hasemi maneno ya kutia moyo. Anasema nyuzi za sauti zimeumia kwa kule kuita bila kupumzika, tena kwa umri wake. Kitu kitarudi, ila si kile kilichokuwepo. Mwanzoni hakuwa na chochote. Siku hizi ana mkwaruzo, mzito, unaokatika katikati ya neno.

Na hii ndiyo sababu ya simu zako kutopokelewa. Si sisi tuliokuficha, ni yeye. Kila ulipopiga, alitazama jina lako kwenye kioo, akaigeuza simu kifudifudi. Nilipomwambia unadhani amekufa, alichukua karatasi akaandika: “Bora adhani hivyo kuliko anisikie hivi.” Nilikasirika, Mama Mdogo, nikamjibu vibaya, nikatoka kwenda kulia kwenye ngazi za hospitali. Mwanamke aliyekuwa akigombania maikrofoni, sasa akiona mtu ameinua simu tu anafunika mdomo kwa kanga.

Mjomba alifika siku ya pili. Alinisema mbele ya wauguzi, nami sikujibu, kwa sababu alikuwa analia huku ananisema. Aliamuru nifute kila nilichomrekodi mama yake, kisha nitafute mahali pengine pa kuishi. La kuhama Bibi alilikataa kwa kutikisa kichwa mpaka mto ukaanguka. La kufuta, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalikubali moyoni. Sikutaka kuisikia tena ile “nisaidieni”. Nilimwambia Waya tuutupe mchezo wote. Waya alikuwa ameingia peke yake mbele ya kamati siku ile, akawaomba wasikilize ujumbe wa kinyozi, niliokuwa nimemtumia kutoka kwenye pikipiki, kabla ya kitu kingine chochote. Wakaahirisha zamu yetu bila kumwuliza swali hata moja. Kwa hiyo nafasi ilikuwepo, ila mimi sikuitaka.

Nikaona si haki kufuta sauti ya mtu bila kumwuliza. Nilimpelekea kompyuta kitandani, nikamwambia ninachotaka kufanya. Akaniashiria nimpe hedifoni. Alijisikiliza kuanzia mwanzo, macho amefumba, vidole vinafuata kwenye shuka pale sauti inapopanda. Nilidhani atalia. Hakulia. Aliponirudishia hedifoni alinivuta karibu, na ile ndiyo mara ya kwanza kuusikia mkwaruzo wake ukisema kitu kizima.

“Usifute,” akasema. “Sina nyingine.”

Baadaye akaniuliza, kwa maneno yaliyokatikakatika, nilijuaje siku ile. Nikamwambia: “Ulikuwa unamwita Kitinda.” Akanikatalia. Hakukumbuka. Alikuwa na hakika alikuwa akiwaita majirani, akimwita kinyozi, akiniita mimi. Ikabidi nimsikilizishe ule ujumbe, ingawa nilikuwa nimeapa hatausikia kamwe. Alipofika kwenye jina lako alishika kifua. Kisha akachukua karatasi, akaandika, akaniwekea mkononi: “Akipiga nitapokea.” Lakini wewe ulikuwa umechoka kupiga, na nami ulikuwa umenifungia. Nilimwomba Mjomba akwambie. Akasema hawezi kuwa tarishi wangu. Ndiyo maana ya barua hii.

Kuhusu chuo, nitakueleza kwa kifupi. Tulikwenda mbele ya kamati kwa siku nyingine. Nilibadilisha kitu kimoja: mchezaji akichelewa, sauti bado inakatika, lakini si kimya tena. Akituliza mikono na kusikiliza vizuri, anasikia ukucha juu ya plastiki, na anaweza kumfikia. Ukucha ule ni wa Bibi. Alijirekodi mwenyewe akiwa kitandani, na ndoo ameikagua yeye, mbili za kwanza akazikataa kwamba zinalia kama debe. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kwa nini tumempa mchezaji nafasi ya pili wakati woga ndio uliokuwa uzuri wa mchezo. Waya akajibu kwamba hatukuweza kuuacha jinsi ulivyokuwa. Tumepita, si kwa alama za kujisifia. Mwalimu wetu alinikumbatia nje ya mlango.

Majirani nao wana utaratibu mpya. Tukirekodi, tunatundika taulo jekundu la kinyozi kwenye reli ya ngazi. Lisipokuwepo, sauti yoyote ni ya kweli. Kinyozi ameuzidisha: juzi birika lilipiga mluzi, akatokea mlangoni anahema, mteja wake nyuma na nusu ya kichwa haijanyolewa. Bibi alicheka. Kicheko nacho kimebadilika, kinatoka kama kikohozi, lakini ni kicheko. Kila jioni kinyozi anampandishia gazeti na kumsomea. Hajawahi kunitazama usoni sawasawa tangu siku ile, na mimi sijui nimwambie nini zaidi ya asante, kwa sababu bila ule ujumbe wake wa utani nisingejua kitu.

Mjomba bado hasemi nami. Akija anamsalimia Bibi, anamsalimia kinyozi, ananipita kama kabati. Sikuombi uchukue upande wangu. Nakuomba tu ukimpigia umwambie ulichosoma hapa, maana kutoka kwako atasikiliza.

Msalimie Baba Mdogo. Wabusu wadogo zangu, waambie dada yao atawatumia mchezo wakishakua kidogo, si sasa, wasije wakakukosesha usingizi. Msalimie na yule wifi yako mwenye maneno mengi. Bibi anasema vitambaa vyako vya meza anavyo, hakuna aliyevigusa. Mungu akufunike huko uliko, akuponye kifua, akufungulie njia ya kuja kutuona na miguu yako ukanyage sakafu hii, ambayo sasa tumeitandika mkeka wa mpira kila kona.

Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi. Piga namba ya Bibi, jioni, akishameza dawa. Itaita sana, kwa sababu mkono wake unachelewa kuifikia. Usikate. Kwanza utasikia pumzi tu, atakuwa anajikusanya. Halafu utasikia sauti nzito, ya kukwaruza, kama ya mzee wa kiume aliyeamshwa usingizini. Usimwulize, “Nani mwenzangu?” Ndiye.

Ni mimi mwanao, binti wa marehemu dada yako,
nikupendaye hata ukinifungia simu.